Muundi wa Bi Mwanakombo

Watu wengi hawajapata kuuona mfupa mbichi. Wanaoujua ni ule uliobaki sahanini baada ya pilau, au ule mweupe wa kwenye picha za vitabu vya shule. Mfupa uliotoka mwilini leo si mweupe. Una rangi ya samli iliyoganda, una madoa ya waridi, na ukiushika una uzito wa kitu chenye maji ndani yake. Naanza na hilo kwa sababu miaka yote niliyofanya kazi katika maabara ya mifupa hapa Kilifi, shughuli yangu kubwa ilikuwa kuyazuia maji hayo yasitoke.

Sasa ninapostaafu, nyinyi mnaobaki mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa kabla hamjaja. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache, na hakuna hata kimoja kilichoondoa harufu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia viungo visioze, kwenye nguo zangu.

Niliingia nikiwa msichana kutoka Ganze, nina cheti cha ufundi wa maabara, nikidhani nitaketi kwenye kiti kirefu nikipima damu. Fundi mkuu alikuwa Bi Esha, mwanamke wa Malindi, mfupi, mwenye sauti ya chini na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipokea mlangoni amevaa aproni ya plastiki na viatu vya mpira, amekumbatia mguu wa ng'ombe.

"Waitwa nani, mwanangu?"

"Kadzo."

"Kadzo, nyama wala?"

"Nakula."

"Leo utaila kwa macho. Shika hapa."

Nilishika. Asubuhi yote tulikata mifupa kwa msumeno, yeye akinyunyiza maji ya chumvi juu ya meno ya msumeno ili mfupa usipate joto. Mchana aliniuliza kama nitarudi kesho. Nikasema nitarudi. Akasema wawili waliotangulia walisema hivyo hivyo.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Daktari Nyale, mkuu wa utafiti wetu, alitaka kujua mifupa ya wazee wa pwani hii ina nguvu kiasi gani, kwa sababu wengi walikuwa wakianguka na kuvunjika. Picha ya eksirei huonyesha umbo la mfupa na wingi wa madini yake, lakini nguvu huijui mpaka uuvunje. Tulikuwa na mashine ya kuvunjia. Mfupa unalazwa juu ya vigingi viwili vya chuma, cha tatu kinashuka kutoka juu na kuukandamiza katikati, na kompyuta inachora mstari kuonyesha mfupa umehimili uzito gani na umepinda kiasi gani. Mashine ilikuja na jina refu la kiwandani. Sisi tuliiita Fisi.

Taabu ni kwamba mfupa hauvunjwi siku uliyotolewa. Daktari yuko safarini, Fisi ni mbovu, au mfupa wa kulinganisha nao haujapatikana. Basi mfupa hungoja, na ukingoja hubadilika. Bi Esha alikuwa na msemo wake juu ya hilo. Alisema ukiuvunja mfupa uliongojeshwa vibaya, umepima kungoja kwako, mfupa hukuupima.

Mwaka wangu wa kwanza wote ulikwenda kwenye kungojesha mifupa ya ng'ombe. Mingine tuliiacha rafuni kwenye hewa, mingine tukaitia kwenye fomalini, mingine tukaifunga kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi na kuigandisha. Kisha yote tukampa Fisi. Ule wa rafuni ulikuwa mgumu kupinda kuliko wote, na mgeni angedhani ndio wenye nguvu. Lakini ulipofika mwisho ulikatika ghafla kama kigae, bila dalili. Wa fomalini nao ulikatika upesi kuliko ulivyostahili. Ule wa friza, uliovishwa shashi, ulipoyeyushwa taratibu ulifanya kama mfupa wa jana: ulipinda kidogo, ukatoa vilio vidogo, ndipo ukakubali kukatika. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba ugumu na nguvu ni vitu viwili. Nimekutana na watu wengi baadaye ambao wangefaidika na somo hilo, lakini hawakuwa mifupa.

Kisha ikaja mashine ya picha, ile ndogo inayouzungusha mfupa na kuupiga eksirei kutoka kila upande mpaka unauona ndani kama mkate uliokatwa. Tulifurahi nayo kwa muda mfupi. Mifupa iliyopitia humo ilianza kukatika mapema. Daktari Nyale alikosa usingizi. Alijua kuwa mionzi mikali sana, kama ile inayotumika kuulia vijidudu katika mifupa ya kupandikiza, huudhoofisha mfupa. Hii yetu ilikuwa hafifu mno ukilinganisha na hiyo. Lakini kama hata hii ilidhuru, basi kila tulichokipima baada ya picha kilikuwa uongo, na kazi yote ingesimama.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetafuta njia ya kujua. Tulichukua mifupa kutoka kwa mnyama mmoja. Wa kwanza tuliupiga picha ukiwa wazi, wa pili tuliupiga picha umevishwa shashi mbichi na plastiki. Wa tatu tuliuweka wazi ndani ya mashine muda ule ule, lakini mionzi tukaizima. Huo wa tatu ndio uliotoa jibu. Haukupata mionzi hata chembe, na ulikatika kama kigae sawasawa na wa kwanza. Uliovishwa ulikuwa salama. Mashine ilikuwa na joto ndani, picha ilichukua muda mrefu, na mifupa yetu ilikuwa ikikauka humo kama samaki wa ng'onda juani. Tulikuwa tumeiogopa eksirei, kumbe adui ni hewa.

Daktari aliitazama mistari mitatu kwenye kompyuta, akavua miwani, akasema, "Alhamdulillahi," ingawa yeye ni Mkristo wa Ribe. Bi Esha alimwitikia bila kugeuka. Tangu siku ile hakuna mfupa ulioingia kwenye mashine ya picha bila nguo.

Sasa nifike kwa Bi Mwanakombo.

Alikuwa mama wa Barani, Malindi, mjane, aliyewahi kuwa mshonaji wa mapazia. Sukari ilikuwa imemwozesha unyayo, na madaktari wakaamua mguu ukatwe chini ya goti. Muundi wenyewe, ule mfupa mkubwa kati ya goti na kifundo, ulikuwa safi katikati. Mifupa ya wazee tuliipata kwa shida sana, kwa hivyo Bi Esha na mimi tulikwenda wodini kumwomba. Alikuwa amekaa kitandani, leso mabegani, na mwanawe Swaleh amesimama kando akiwa na uso wa mtu aliyekwisha kukataa.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo," nikasema.

"Marahaba. Nyinyi ndio wavunja mifupa?"

"Ndio sisi, bi mkubwa," akasema Bi Esha. "Tumekuja kuomba. Ukisema la, tutakunywa chai yenu twende zetu."

Swaleh akaingilia. "Kiungo cha mama si cha kuchezewa. Kitaoshwa, kitazikwa."

"Swaleh, mguu ni wangu ama wako?" mama akamuuliza, kisha akatugeukia. "Hebu nambieni. Mkiuvunja, mtajua kama ulikuwa na nguvu?"

"Tutajua."

"Haya. Mimi nimeambiwa nitapewa mguu wa kubandika nikipona. Huyu hataki. Aniambia nitaanguka kama dadangu Rukia."

Bi Rukia, tulielezwa, aliteleza bafuni, akavunjika nyonga, akalala, hakuinuka tena. Swaleh ndiye aliyemwokota sakafuni.

"Mama, mimi sikukatazi," Swaleh akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Nasema ukae. Tupo. Tutakutunza."

"Mimi nilikutunza wewe, na siku ilifika nikakuacha utembee." Akanitazama mimi. "Miguu ni pacha. Mkinivunjia huu, nitajua na mwenzake. Lakini nataka niwepo. Nataka kuuona kwa macho yangu, na huyu aone."

Hatukuwa tumewahi kuombwa kitu kama hicho. Daktari Nyale aliitwa, akaja, akaketi pembeni ya kitanda.

"Mama, nikwambie kweli. Mguu huu umeugua, na umekaa bila kutembea. Mwenzake si sawa nao kabisa. Na muundi si nyonga. Utatuonyesha kitu, lakini hautatuonyesha kila kitu."

"Hata shahidi mahakamani haonyeshi kila kitu," akasema Bi Mwanakombo. "Na huitwa vilevile."

Swaleh alikwenda kumuuliza sheikh wa msikiti wao. Alirudi kesho yake na sharti moja: tukimaliza, mfupa urudi, kila kipande, uzikwe. Tukakubali. Nakumbuka Bi Esha aliinua mkono kama anayeapa, ingawa hakuna aliyemwambia aape.

Mama alihitaji miezi kadhaa kidonda kifunge. Kwa hivyo mfupa wake, wenye urefu unaopita shubiri kidogo, ukaingia katika hali ile ile ya kungoja ambayo nilikuwa nimejifunza kwa ng'ombe. Tuliuvisha shashi mbichi, plastiki juu yake, na plastiki nyingine. Alipokuja kliniki kufungwa kidonda aliniuliza habari zake kama mtu aulizaye habari za mtoto aliye bweni.

"Na huko frizani hauharibiki? Nyama ikikaa sana hugeuka kama gome."

"Nyama unaiweka wazi, Bi Mwanakombo. Huu tumeuvisha."

"Vizuri. Msiufungue fungue."

Hatukuufungua. Lakini majira ya joto stima ikakatika, na jenereta, lililokuwa likisifiwa katika kila mkutano, likakohoa likanyamaza. Friza lililofungwa hubaki na baridi kwa muda, si siku nzima kwenye joto la Kilifi. Kufikia adhuhuri Daktari Nyale alikuwa ukumbini akitembea.

"Tuuvunje leo," akasema. "Fisi anaweza kuendeshwa kwa betri. Ukiyeyuka ukakaa na joto, tumeupoteza."

"Tulimwahidi awepo," akasema Bi Esha.

"Nakumbuka tulivyoahidi. Lakini mfupa ulioharibika hautamfaa hata yeye."

Wote wawili walikuwa na haki, na wote wawili walinitazama mimi, jambo ambalo sikulipenda. Nikasema nitampigia simu. Bi Mwanakombo alisikiliza mpaka mwisho.

"Leo siwezi kupanda gari, mwanangu. Kidonda kinavuja. Nyinyi mmejaribu kila kitu?"

"Bado barafu."

"Basi tafuteni barafu kwanza. Mkikosa, uvunjeni, sitawalaumu. Ila mtafute kweli kweli."

Nilikwenda kwa wauza samaki kule chini karibu na daraja, bado nimevaa aproni. Mmoja alikuwa na barafu ya kutosha kwenye sanduku.

"Umepata samaki gani?" akaniuliza.

"Si samaki."

Aliitazama aproni yangu, akajaza gunia, hakuuliza tena. Tuliupanga mfupa katikati ya barafu iliyotiwa chumvi ili izidi baridi, umefungwa plastiki ya tatu ili maji yasiufikie, na kila barafu ilipopungua nilirudi kwa yule bwana. Stima ilirudi kesho yake. Bi Esha alitia mkono sandukuni akaupapasa mfupa juu ya plastiki. Shashi ilikuwa bado ngumu kama jiwe, haikuwa imeyeyuka. Daktari alimwambia, "Ulisema kweli," naye akajibu, "Na wewe pia, kama barafu ingekosekana." Maabara ilinuka changu kwa wiki nzima.

Siku yenyewe ilipofika, Bi Mwanakombo aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa buibui jipya, ananukia udi. Swaleh alikuwa akisukuma. Mfupa ulikuwa umeyeyushwa tangu alfajiri ndani ya shashi yake. Tuliupiga picha kwanza, umevishwa, na picha ilipotokea mama akasogezwa kwenye kompyuta.

"Ndio mimi huyu?"

"Ndiyo, ni wewe, kwa ndani," Daktari akamwambia, akamwonyesha ganda lilivyo nene huku na jembamba kule.

Aliomba kuushika. Bi Esha akamvisha glavu na kuifungua shashi. Mama aliupokea kwa mikono miwili, akaugeuza, akaupima uzito. Hakulia. Nilikuwa nimeweka kitambaa karibu kwa ajili hiyo, na kikabaki pale pale.

"Umenibeba," aliuambia, kisha akamrudishia Bi Esha. "Haya. Msiuache ukauke."

Niliulaza juu ya vigingi, nikaunyunyizia maji ya chumvi, nikarudi nyuma. Daktari akamwasha Fisi. Nimefanya kazi hiyo mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuifanya nikiwaza mboga za jioni, lakini siku ile sikuwaza mboga. Mstari ulipanda kwenye kompyuta, umenyooka. Uliendelea kupanda. Ukapita pale walipoishia wazee wengine wachache tuliokuwa nao. Swaleh alikuwa ameishika mipini ya kiti kwa mikono miwili. Mfupa ukatoa kilio kidogo, kisha kingine, na mstari ukaanza kulala kwa upande: mfupa ulikuwa ukipinda, haujavunjika. Mama aliinama mbele. Ndipo ukakatika, kwa mlio kama wa kuni ya mkwaju, na Swaleh akaruka.

"Kumbe," akasema Bi Mwanakombo. Kisha akaongeza, "Haukukubali upesi."

"Haukukubali upesi," Daktari akathibitisha.

Swaleh ndiye aliyeuliza swali. "Na nyonga, daktari?"

"Nyonga sikuiona. Nilichokiona ni hiki: mfupa wa mama yako si wa kuvunjika ovyo. Akianguka vibaya anaweza kuvunjika, kama mimi, kama wewe. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Nilidhani Swaleh atakasirika. Akavitazama vipande viwili pale mezani. "Afadhali umesema kweli," akasema. "Ungeniahidi, nisingekuamini."

Tulitimiza sharti. Bi Esha aliokota kila kibanzi kwa koleo ndogo, akasugua meno ya Fisi kwa brashi, akakung'uta brashi juu ya bafta nyeupe. Mfupa ukarudi Malindi siku ile ile. Mazishi yalikuwa kwenye makaburi ya Barani, na hapo pakazuka mzozo mwingine, maana desturi ya kule wanawake hawaendi makaburini kuzika.

"Maziko gani haya, mwenyewe hatakiwi?" Bi Mwanakombo aliniuliza kwa simu. Mwishowe alikaa ndani ya gari nje ya ukuta, dirisha limeteremshwa, mimi na Bi Esha kando yake. Tulisikia jembe. Tulisikia mchimbaji akimuuliza Swaleh upande upi ndio wa juu, na Swaleh, baada ya kufikiri, akijibu kuwa ni ule uliokuwa karibu na goti. Mama alicheka mpaka gari likatikisika. Kisha akasoma Fatiha.

Watu huniuliza kazi ile ilinifundisha nini, wakitarajia hekima. Ilinifundisha kufunga vitu vizuri. Mifupa mingine mingi ilikuja baada ya ule, mingi sina jina lake kichwani, na Bi Esha alistaafu kabla yangu akarudi kwao Malindi, ambako sasa anawafundisha wajukuu kuosha kuku kwa utaratibu wa maabara. Mimi nilishika msumeno wake mpaka mlipoupokea nyinyi. Tafadhali unyunyizieni maji.

Lakini mlitaka kusikia kisa kilivyoisha. Baada ya mama kupewa mguu wake wa kubandika na kufundishwa kuutumia, nilikwenda Barani kumtembelea, kwa sababu alikuwa ameniita na yeye hakuwa mtu wa kuitikiwa kwa simu. Nilipofika alikuwa bado kwenye kiti ukumbini. Swaleh alikuwapo, amevaa kanzu, anatoka sala ya Ijumaa.

"Kaa hapo Kadzo, utazame," Bi Mwanakombo akaniambia.

Aliinuka akishikilia meza. Mguu wa kubandika ulilia kidogo alipouwekea uzito. Alisimama hivyo kwa muda, akisikiliza mwili wake, kisha akaanza kwenda kuelekea mlango wa nje, mkongojo mkono wa kulia, polepole, kila hatua peke yake. Swaleh alimfuata nyuma karibu sana, mikono miwili imetandazwa kila upande wake, kama mtu anayemfuata mtoto anayeanza kwenda. Wakafika kwenye kizingiti. Kizingiti cha nyumba ile ni kirefu, cha mawe, cha nyumba za zamani.

Bi Mwanakombo alisimama. Hakugeuka.

"Swaleh. Toa mikono."

Swaleh alinitazama mimi, kana kwamba mimi ningeweza kumwahidi jambo ambalo Daktari hakuweza kumwahidi. Mimi nikamtazama mama. Basi akairudisha mikono, akaitia kwenye mifuko ya kanzu, na mama akainua mguu, akavuka.